Kupunguza gharama za kutengeneza bidhaa kuanzia kwenye mchoro: mwongozo kamili kwa karakana za Nyanda za Juu Kusini

Nyuma ya karakana yangu hapa Mbeya kulikuwa na lundo la vipande vya chuma ambalo kwa miaka nililiona jambo la kawaida. Vipande vya bomba mraba, pembe za shiti zenye umbo la ramani, ncha za shafti. Lilipojaa, vijana wa chuma chakavu walikuja na mizani yao, wakapima, wakaniachia hela ya chai. Siku moja kazi ilikuwa imepoa, nikavipanga vile vipande vya bomba sakafuni, kimoja kikifuata kingine, nikavuta tepu. Vilifika mita 18. Yaani mabomba matatu mazima. Nilikuwa nanunua kwa mita na kuuza kwa kilo, na hakuna aliyeniibia. Mchoro wangu mwenyewe ndio uliokuwa unaagiza yale makapi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikirudia kwa vijana wangu jambo moja: grenda ikishaanza kulia, sehemu kubwa ya gharama imekwishaamuliwa. Aliyeiamua ni yule aliyeandika mguu uwe sentimita 80, beringi iwe ya kipimo fulani, bolti ziwe za saizi nne tofauti. Fundi anayetaka kupunguza gharama kwa kawaida hubana posho ya vijana au hununua bati jembamba zaidi. Vyote viwili humrudia: la kwanza kwa kazi ya hovyo, la pili kwa mteja anayerudi na mashine mgongoni.

Mwongozo huu ni kwa mwenye karakana ya kuchomelea, seremala, au yeyote anayetengeneza bidhaa ileile zaidi ya mara moja, awe Iringa, Mafinga, Makambako, Njombe, Tukuyu au Vwawa. Mfano nitakaoshika ni mashine ya kupukuchua mahindi, kwa sababu ndiyo inayoniweka mjini, ila nitachepuka kwenye vitanda kidogo. Kazi hii ifanye masika, mahindi yakiwa bado shambani na oda chache. Ukisubiri mavuno yaanze, kuanzia Mei hadi Agosti, hutapata hata nafasi ya kunoa penseli.

HATUA YA 1: Fungua bidhaa yote, andika kila kipande

Chukua mashine moja uliyomaliza. Ifungue mpaka ibaki vipande. Kwa kila kipande andika kwenye daftari: kimetoka kwenye malighafi gani, kimechukua urefu au eneo kiasi gani, kimekatwa mara ngapi, kimetobolewa matundu mangapi, kimechomelewa sentimita ngapi, na kimechukua dakika ngapi. Dakika zipime kwa simu wakati mashine inayofuata inatengenezwa, usikisie. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na karakana nyingi ninazozifahamu daftari lake ni la madeni tu.

Kwenye dakika, hesabu na zile za kutafuta spana, za kusubiri drili, za kugonga bati lililopinda baada ya kuchomelewa. Hizo ndizo zitakazokushangaza. Mimi niligundua kijana wangu alikuwa anatumia muda mrefu zaidi kupima na kuchora alama kuliko kukata.

Usisahau vitu vinavyoisha polepole: diski za grenda, rodi, msasa, umeme wa LUKU, usafiri wa kufuata malighafi mjini. Ukimaliza, panga vipande kuanzia cha gharama kubwa kwenda kidogo. Utaona vichache vya juu vimebeba sehemu kubwa ya hela yote. Kwenye mashine yangu ni mota au injini, shiti, shafti na beringi zake, kisha fremu. Anza na hivyo. Kupigania bei ya rangi wakati shiti inapotea nusu ni kufukuza panya nyumba ikiungua.

HATUA YA 2: Kila kipande kijitetee

Mwaka 1947, Lawrence Miles, mhandisi wa General Electric huko Marekani, alianza kupanga utaratibu wa kuchambua thamani ya bidhaa. Chanzo kilikuwa uhaba ulioletwa na Vita vya Pili vya Dunia: kipande kilichohitajika hakipatikani, ikabidi watu waulize, kile kipande kilikuwa kinafanya kazi gani hasa, na nini kingine kinaweza kuifanya? Mara nyingi kibadala kikawa rahisi zaidi na kizuri vilevile. Sisi tuliokulia kwenye uhaba tunalijua hilo bila kufundishwa. Tatizo letu ni kwamba vitu vikipatikana tunaacha kuuliza.

Andika kazi ya kila kipande kwa maneno mawili tu: kubeba ngoma (lile silinda lenye meno linalopukuchua), kuzuia punje, kuelekeza magunzi, kukaza mkanda. Kipande usichoweza kukiandikia kazi kwa maneno mawili, kitilie shaka.

Kisha kiulize maswali matatu ambayo Geoffrey Boothroyd na Peter Dewhurst, waliofundisha uhandisi Marekani, waliyafanya msingi wa njia yao ya kupunguza idadi ya vipande. Je, kipande hiki kinasogea au kuzunguka tofauti na jirani yake? Je, lazima kiwe cha malighafi nyingine? Je, lazima kitenganishwe ili mashine iweze kufungwa au kufunguliwa? Majibu yote yakiwa hapana, kipande hicho kinaweza kuunganishwa na jirani yake kikawa kimoja.

Hopa yangu ya zamani, yaani mdomo wa juu wa kumiminia mahindi, ilikuwa na vibamba vinne, kipande cha engo (chuma cha pembe) kila upande juu, na masikio manne ya kuishikiza kwenye mwili wa mashine. Vipande 12. Niliposhika maswali yale, vibamba vinne vikawa viwili vilivyokunjwa, engo ikafutwa kwa kukunja ukingo wa bati lenyewe, masikio yakawa sehemu ya bati iliyopindwa nje. Vikabaki 2. Hakuna kilichonunuliwa kipya.

Ila swali la tatu lisipitwe kwa haraka, kwa sababu linaficha mtego. Msimu mmoja, kwa kutaka kuokoa bolti nane, nilichomelea chekeche ya chini moja kwa moja kwenye mwili wa mashine. Ilipendeza. Ikaenda Mbozi. Chekeche ni kitu kinachoisha, kwa sababu punje na vumbi huisugua mchana kutwa. Ilipolika, mama mwenye mashine hakuweza kuibadilisha, ikabidi apakie mashine nzima kwenye gari kuja nayo Mbeya, na nauli nililipa mimi. Vinavyolika (meno ya ngoma, chekeche, mkanda, beringi) viache vifunguke. Vingine unganisha bila huruma.

HATUA YA 3: Buni kuanzia urefu wa dukani

Hapa nitakaa sana, kwa sababu ndipo hela ilipo.

Bomba mraba na engo huuzwa kwa urefu wa mita 6. Shiti ya chuma ni futi 4 kwa 8, yaani sentimita 122 kwa 244. Hivyo ndivyo vipimo vya kwanza kwenye mchoro wako, kabla hujachora mashine yenyewe. Tepu kwanza, maana kuna mabomba yanayouzwa yakiwa na mita 5.8, na sentimita 20 hizo zinaweza kuvuruga hesabu yote nitakayoonyesha.

Mguu wa mashine yangu ulikuwa sentimita 80. Kwa nini 80? Kwa sababu ni namba nzuri. Diski ya grenda hula karibu milimita 3 kila mkato. Kwenye mita 6 napata miguu 7 na kipande cha sentimita 38 hivi kinabaki. Mashine ina miguu 4. Kwa mashine mbili nahitaji 8, kwa hiyo nafungua bomba la pili kwa ajili ya mguu mmoja.

Nikapunguza mguu ukawa sentimita 74. Miguu 8 ni sentimita 592, mikato 8 inakula 2.4, jumla 594.4. Bomba moja, mashine mbili, na kinachobaki hakitoshi hata kushika mkononi. Chuma ninachonunua kwa kila mguu, kutoka bomba moja kwa miguu 7 hadi moja kwa miguu 8, kimepungua kwa asilimia 12.5 bila kubana unene wala kumnyima mtu posho.

Kabla hujashangilia, uliza mashine ikishuka sentimita 6 itamsumbua nani. Mimi niliweka debe chini ya mdomo wa kutolea punje kuona kama bado linaingia na kutoka. Linaingia. Lisingeingia, ningechukua njia ya pili: mguu ubaki 80, halafu kile kiungo cha katikati cha fremu kibuniwe kiwe sentimita 37. Miguu 7 na kiungo 1 pamoja na mikato yake vinafika karibu sentimita 599 na nusu. Bomba limeisha lote. Njia hii inahitaji utengeneze mashine kwa mafungu, saba kwa mpigo, ili miguu 28 iishe sawasawa kwenye mabomba manne. Kama unatengeneza mojamoja, njia ya kwanza ni salama zaidi.

Sasa shiti. Ngoma yangu ilikuwa na kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa 65. Mzingo wa kipenyo hicho ni sentimita 94.2, ongeza 2 za kupandanisha mshono, unapata kipande cha 96.2 kwa 65. Kilaze kwenye shiti mzingo ukifuata urefu wa 244: vinatoka 2. Kigeuze: vinatoka 3. Kila mara jaribu pande zote mbili. Kata makaratasi ya maboksi kwa kipimo kidogo uyasogeze mezani kama karata. Kazi ya dakika kumi.

Nikabadili ngoma kuwa kipenyo cha 25 na urefu wa 60. Kipande kinakuwa 80.5 kwa 60. Mzingo ukifuata urefu wa shiti, vitatu vinakula 241.5 na mikato kidogo, vinaenea ndani ya 244. Upana wa 122 unatoa viwili. Jumla 6. Kutoka 3 hadi 6 kwa shiti moja.

Lakini mashine si meza. Ngoma ikipungua kipenyo, meno yake yanapita taratibu zaidi kwa mizunguko ileile, na mahindi yatatoka na magunzi yenye punje. Kasi ya ncha ni mzingo mara mizunguko. Ngoma ya sentimita 30 iliyokuwa ikizunguka mara 700 kwa dakika, ikiwa ya 25 lazima izunguke mara 840 ili kasi ibaki ileile. Hiyo ni kubadili puli, na puli ya ngoma ikiwa ndogo zaidi ni nafuu zaidi, kwa hiyo hapo nilipata mara mbili. Nilichopoteza ni uwezo: ngoma ndogo na fupi haimezi mahindi mengi kama ile kubwa. Kwa mkulima wa ekari chache haina shida. Kwa anayezunguka vijijini kupukuchulia watu kwa gunia, ina shida, na yeye namtengenezea kubwa kwa bei yake. Usimdanganye mteja kwamba ni mashine ileile.

Kwa maseremala: mbao huwaponza vilevile

Sisi tuna bahati ya kuishi jirani na shamba la miti la Sao Hill, Mufindi, na mbao za msonobari za Mafinga zinatufikia mbichi kabisa. Ubao hapa huuzwa kwa futi 12. Godoro ni futi 6 kwa urefu. Ukiangalia haraka unaona ubao mmoja unatoa reli mbili za kitanda. Seremala wengi lakini hutengeneza reli ya futi 6 na inchi 2 au 3, ili godoro lipumue. Ubao wa futi 12 unatoa reli moja na kipande cha futi 5 na kitu, kisicho na pa kwenda.

Suluhisho liko kwenye nguzo. Nguzo ikiwa na unene wa inchi 3, usiweke ubao wa kichwani katikati ya unene huo. Usogeze ukae kwenye uso wa nje wa nguzo. Ubao ukiwa inchi 1, umepata inchi 2 kichwani na 2 miguuni, ndani ya unene wa nguzo zenyewe. Reli ya futi 6 kasoro upana wa msumeno inatosha, mradi reli zipangwe usawa wa uso wa ndani wa nguzo ili pembe za godoro zipite. Ubao mmoja, reli mbili.

Na ubao ukaushwe kabla ya kupimwa. Ubao mbichi unasinyaa kwa upana, viungo vinalegea, na kitanda kinaanza kulalamika kabla hata deni halijalipwa. Kupanga mbao kwa vijiti kati yake chini ya paa lenye upepo hakugharimu chochote isipokuwa subira, na subira kwa seremala mwenye oda ya harusi najua ni ngumu.

HATUA YA 4: Kunja kabla hujaongeza unene

Shiti nzima ya milimita 2 ina uzito wa karibu kilo 47, ya 1.5 ni kilo 35. Robo ya chuma imepungua, na bei ya chuma hufuata uzito. Lakini bati bapa likipunguzwa unene, ukakamavu wake huporomoka haraka kuliko uzito: unene ukipungua nusu, ukakamavu unabaki sehemu moja kati ya nane. Ndiyo maana ubavu wa bati jembamba hupiga kelele na kutetemeka.

Dawa yake ni kukunja. Ukingo uliokunjwa sentimita 2 hulipatia bati la milimita 1.5 ukakamavu ambao bati bapa la 2 halina. Kama huna mashine ya kukunjia, nenda kwa jirani mwenye nayo ukiwa na kazi ya mashine kumi kwa mara moja, bei itashuka. Kwenye eneo la SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, utapata mashine ambazo hukununua na huhitaji kununua.

Beba vania, kile kipimo cha unene, uendapo dukani. Nimewahi kununua bomba lililotajwa kuwa la 1.5, vania ikasoma 1.2. Ukibuni kwa namba ya mdomo, mashine yako itakuwa dhaifu kuliko mchoro.

Visivyoguswa kwenye hatua hii: kikingio cha mkanda, kikalio cha beringi, na shafti. Watoto huzunguka mashine za mahindi kama kuku. Kikingio cha mkanda si mahali pa kubana matumizi, kitengeneze kiwe rahisi kufunga ili asiwepo wa kukivua moja kwa moja.

HATUA YA 5: Nunua kinachopatikana soko la Mwanjelwa hapa Mbeya na pia mji mdogo wa Mlowo

Shafti yangu ya kwanza ilikuwa milimita 28, iliyochongwa kwenye leti ili iingie kwenye beringi ya 25. Nililipa chuma kikubwa, nikalipa leti kukipunguza, nikalipa na foleni ya leti, maana wakati wa msimu unaweza kusubiri siku mbili. Nikahamia shafti ya milimita 25 iliyokwisha safishwa kiwandani, na beringi za kukalia UCP205, ambazo tundu lake ni 25. Inaingia bila leti. Shafti lazima iwe hiyo nyeupe iliyosawazishwa. Nondo nyeusi ya 25 haiko duara sawasawa wala haina kipimo cha kuaminika, beringi itakula haraka.

Bolti: mashine ilikuwa na za milimita 6, 8, 10 na 12. Mama mmoja mkulima alinieleza kwa upole tu, "Fundi, mimi spana ninayo moja." Sasa kila anachotakiwa kufungua mteja ni bolti ya 10, spana namba 17. Nanunua boksi moja kubwa badala ya pakiti nne ndogo, vijana hawatafuti spana, na drili haibadilishwi jino. Baadhi ya mahali bolti ya 10 ni nene kuliko inavyohitajika. Sawa tu, tofauti ya bei ni ndogo kuliko dakika zinazookolewa.

Mkanda na puli vivyo hivyo: chagua saizi ambayo hata duka la vipuri la mji mdogo barabarani linayo. Mkanda adimu ni gharama unayomsukumia mteja, naye atakukumbuka.

HATUA YA 6: Usahihi uweke panapohitajika tu

Mguu ukizidi milimita 2, unasimama kwenye udongo, nani ataona? Lakini vikalio viwili vya beringi visipokuwa mstari mmoja, shafti itapasha moto na beringi itakufa msimu wa kwanza. Kwenye mchoro, zungushia kwa kalamu nyekundu vipimo vichache visivyosamehe. Mimi ninavyo vitano. Vingine vyote vijana wakate kwa mwendo.

Kisha tafuta namna mchoro wenyewe utakavyosamehe makosa. Matundu ya kufungia mota yafanye marefu badala ya duara. Mota itasogezwa kukaza mkanda, na tundu likikosewa milimita 3 hakuna shida. Kibamba cha kushoto na cha kulia vifanye vilingane kabisa, hata kama kimoja kitabaki na tundu lisilo na kazi. Vipange pamoja, toboa kwa mpigo mmoja, na kijana hatakuja kukuambia ametengeneza vya kushoto vinne.

Jigi, yaani kielekezi cha kukata au kuunganisha bila kupima upya, ndiyo iliyomaliza ule muda wa kupima na kuchora alama. Kipande cha engo chenye kizuizi kilichochomelewa kwenye sentimita 74: sukuma bomba mpaka ligonge, kata. Kwa fremu, meza yenye vizuizi pembe nne. Jigi ya vikalio vya beringi itengeneze kwa shafti halisi ikiwa imepita kwenye beringi zote mbili, ndipo uchomelee vikalio. Jigi zenyewe nimezitengeneza kwa vile vipande vya lile lundo.

HATUA YA 7: Hesabu sentimita za kuchomelea

Kila sentimita ya kuchomelea ni rodi, umeme, muda, kusugua, na bati linalopinda kwa joto. Ubavu wa bati kwenye fremu hauhitaji mshono mfululizo. Sentimita 3 halafu ruka 6 au 7 inatosha, na bati halipindi. Vikalio vya beringi na mahali mota inapofungwa, zungusha mshono wote. Geti au kitu kinachonyeshewa, usiache mapengo, maji yataingia na kutu itaanzia ndani. Na kwa mvua za Tukuyu hilo si la kubahatisha.

Pembe za fremu iliyojificha kata nyuzi 90. Pembe ya 45 ni nzuri machoni lakini inachukua muda mara mbili kukata na kupatanisha. Iache kwa geti la mbele.

HATUA YA 8: Fikiria buti la basi

Mashine zangu nyingi hazibaki Mbeya. Zinakwenda Sumbawanga, Makete, Ludewa. Msafirishaji hutazama nafasi kuliko uzito. Hopa iliyokuwa imechomelewa ilifanya mashine kuwa ndefu na ya kushika nafasi ya magunia mawili. Sasa hopa inafungwa kwa bolti nne, kuta zake zimelazwa kidogo ili hopa moja iingie ndani ya nyingine kama mabakuli. Nikipeleka mashine sita, hopa sita ni mzigo mmoja. Miguu nayo inafunguka. Gharama ya bolti za ziada ilirudi kwenye safari ya kwanza.

HATUA YA 9: Tengeneza moja, itese

Usibadilishe vitu vyote na kuingiza mashine 20 sokoni. Tengeneza moja. Tafuta mahindi ya msimu uliopita yaliyokauka vizuri, unyevu wa asilimia 13 hivi, na mengine mabichi kidogo, maana wakulima hawatasubiri. Pukuchua gunia zima la kila aina. Pima kwa mizani: punje zilizovunjika, punje zilizobaki kwenye magunzi, muda. Fanya vilevile kwa mashine ya zamani, siku ileile, mahindi yaleyale. Bila ulinganisho huo utajipendelea tu.

Kisha mpe mkulima aitumie bila wewe kuwepo. Ukiwepo, ataitumia unavyotaka wewe. Mwache wiki mbili, nenda ukaangalie kilicholegea, kilichovuliwa, na kilichofungwa kwa waya. Waya na mpira wa baiskeli ni barua ya mteja kwako: hapo mchoro umekosea.

Ikiwa imepita, rudia daftari la hatua ya kwanza kwa mashine mpya, kipande kwa kipande, dakika kwa dakika. Bei yako ipange kutoka hapo. Wengine wakiona gharama imeshuka hushusha bei yote kwa mteja siku hiyohiyo. Mimi hushusha sehemu, nyingine naiweka kwa ajili ya kununua shiti kwa wingi kabla ya msimu, bei inapokuwa bado imelala.

HATUA YA 10: Gonga namba

Kila unapobadili mchoro, mashine mpya na ya zamani hazitumii vipuri sawa tena. Nilijifunza hili mteja alipopiga simu kutaka chekeche, nikamtumia ya ngoma ya 25 wakati yake ni ya 30. Sasa kila mashine ina namba iliyogongwa kwa nyundo kwenye kibamba cha upande wa puli, mahali ambapo rangi haifichi: namba ya mchoro, mwaka, na namba ya mashine yenyewe. Michoro ya zamani siitupi. Iko kwenye faili juu ya kabati, na picha zake ziko kwenye simu yangu na ya mke wangu, kwa sababu simu ya fundi haidumu. Mteja akipiga, namwomba kwanza afute vumbi upande wa puli, anisomee.